Kabla ya kukata tiketi, uliza mwezi ngapi

Likizo za shule za Kenya zikikaribia, simu yangu hujaa ujumbe kutoka Nairobi, Nakuru, Eldoret: "Dada, tunakuja Zanzibar wiki nzima na watoto, tutafutie hoteli nzuri karibu na bahari." Habari ya hoteli huwa siijibu kwanza. Nauliza mambo mawili tu: watoto wana umri gani, na tarehe mmeshazifunga au bado? Kazi hii ya kupanga safari za familia nimeifanya miaka 14, na kwa watoto wadogo kinachoharibu wiki mara nyingi si chumba wala chakula. Ni maji ya bahari kutokuwepo pale mtoto anapoyataka, au kuwepo mengi kuliko anavyoyaweza.

Nilijifunza kwa uchungu. Mwaka wangu wa pili nilipokea familia kutoka Nairobi, baba, mama na pacha wa miaka 3. Niliwachagulia nyumba Jambiani, kijiji cha pwani ya mashariki, safi, mlango unatazama bahari. Waliingia usiku. Asubuhi saa 4 mama akanipigia: "Dada, hiyo bahari yenyewe iko wapi?" Nilijua iko wapi. Ilikuwa kule kwenye mwamba, mawimbi yakionekana kama uzi mweupe, na kati yake na watoto ulilala mchanga wa matope, majani, vidimbwi na vigingi vya mwani. Nilipofika niliwakuta pacha wamekaa kwenye ngazi, maboya mikononi, wamekwisha kupakwa mafuta ya jua, wanangoja. Saa 10 alasiri maji yakawa yanapiga ukuta wa nyumba, yana kina na nguvu, watoto wakayakimbia. Siku nne zikaenda hivyo. Niliwaleta katikati ya bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kiasi, na mimi ni mzaliwa wa kijiji hicho hicho. Hoteli na nyumba za ufukweni karibu zote hupiga picha zao maji yakiwa yamejaa, na nilikuwa nimezituma picha hizo bila neno la ziada.

Tangu siku ile napanga wiki kwa mwezi wa angani, halafu ndiyo natafuta nyumba.

Pwani yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Kutoka kujaa hadi kupwa ni saa 6 na dakika kidogo, na kila siku majira hayo husogea mbele kwa wastani wa dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta kwa mstari mmoja, tukapata bamvua: maji hujaa sana, hupwa sana, na tofauti ya juu na chini inaweza kukaribia mita 4. Mwezi ukiwa nusu, mivuto hiyo inakingamana na maji yanakuwa mafu, yanapanda na kushuka kama mita moja hivi.

Kuna jambo ambalo wageni wengi hawaambiwi. Kwa Unguja, kisiwa kikuu cha Zanzibar, saa za bamvua ni karibu zile zile mwaka mzima. Maji hupwa kabisa saa 4 hadi saa 5 asubuhi, na hujaa saa 10 hadi saa 11 jioni. Maji mafu ni kinyume chake, hujaa saa 4 au saa 5 asubuhi. Kwa hiyo ukijua mwezi ni wa ngapi, yaani ni siku ya ngapi tangu uandame, umeshajua mtoto wako atakuta nini akiamka.

Mamangu amelima mwani tangu kilimo hicho kilipoingia Paje na Jambiani mwaka 1989. Hana jedwali la maji kwenye simu. Ukimwalika harusi huuliza kwanza, "Itakuwa mwezi ngapi?", kwa sababu bamvua likiingia yuko shambani, mashamba yanapoachwa wazi. Kalenda yake ni ile ya Kiislamu iliyotundikwa ukutani, na ndiyo ninayokushauri uifungue hata kama dini yako ni nyingine, maana inafuata mwezi moja kwa moja.

Kwa familia yenye mtoto wa chini ya miaka 6, napenda wiki inayoanza mwezi 8 au mwezi 23, yaani tarehe 8 au 23 ya kalenda hiyo. Siku za mwanzo maji ni mafu: asubuhi yamejaa kwa upole, hayajaenda mbali, hayana kina cha kutisha. Mtoto anaizoea bahari ikiwa mpole. Kila siku kujaa kunasogea mbele, saa 6, saa 7, saa 8, kwa hiyo saa za kuogelea zinahamia taratibu kuelekea alasiri na nyinyi mnahama nazo. Ukifika mwezi 14, au 29 ule mwingine, asubuhi maji yameanza kupwa sana, na hapo watoto wamekwisha kuwa wenyeji; wanaweza kutembea kwenye vidimbwi kutazama kaa na nyota za bahari bila kudhani wameibiwa bahari. Wiki inayoanza mwezi 14 inakuja kinyume, na ndiyo niliyowapa wale pacha. Ukishapata siku zako, fungua jedwali la kujaa na kupwa la Zanzibar kwenye simu uhakikishe saa.

Watu watakwambia suluhisho ni kwenda Nungwi au Kendwa, kaskazini, ambako maji hayaendi mbali na unaogelea saa yoyote. Ni kweli, na kwa watoto wa miaka 8 na kuendelea nawapeleka huko bila wasiwasi. Kwa wadogo nasita. Ufuo wa kule unateremka upesi. Hatua chache na mtoto hana mguu. Tena Kendwa iko upande wa kaskazini magharibi, na kusi, upepo wa kutoka kusini, likivuma, upepo hutoka nchi kavu kuelekea baharini. Boya la mpira, lile la bata au la keki, likiachiwa kidogo linaondoka na aliyelikalia. Karibu na mwezi mpevu kule huwa na usiku wa muziki mkubwa ufukweni hadi karibu alfajiri, na mtoto mchanga halali. Upande wa mashariki, Jambiani, Bwejuu, Matemwe, mwamba unavunja mawimbi mbali na ndani yake kunabaki maji tulivu, ya vuguvugu, mchanga mweupe chini. Kwa mtoto wa miaka 3, maji yakiwa nusu, sijaona pahali pazuri kama hapo kisiwani.

Majira nayo yanafuata pepo zetu. Likizo ya Aprili inaangukia masika yenyewe. Bei hushuka sana, lakini unaweza kukaa ndani siku tatu mfululizo na watoto wanaorushiana mito, na mimi siwauzii wenye wadogo wiki hiyo hata wakinisihi. Agosti ni kusi: kukavu, joto la wastani, usiku mtamu. Upande wa mashariki upepo una nguvu na hutupa majani ufuoni, ndiyo maana Paje mwezi huo imejaa watu wa tiara za baharini (kitesurfing). Chagua nyumba yenye ua uliokingwa. Desemba ni kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, joto kali, na kila chumba kinagombaniwa, kwa hiyo ukiitaka Desemba anza kuulizia Julai. Angalia pia Ramadhani inaangukia lini. Watoto hawafungi na hakuna atakayewasumbua, lakini mchana migahawa mingi ya nje ya hoteli hufungwa, na mtu mzima kula barabarani ni kuwavunjia wenyeji heshima.

Karatasi nazipitia haraka, ila usizidharau. Mkenya huvuka kwenda Uganda au Rwanda kwa kitambulisho. Tanzania haimo katika mpango huo, kwa hiyo kila mtoto, hata wa miezi 4, awe na pasipoti yake. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano hutakiwa kwa kila mwenye mwaka mmoja na kuendelea anayetoka nchi zenye ugonjwa huo, Kenya na Uganda zikiwemo, na kinaanza kufanya kazi siku 10 baada ya chanjo. Nimeona familia imechanjwa Ijumaa inasafiri Jumapili. Mzazi anayesafiri peke yake abebe barua ya mwenzake na nakala ya cheti cha kuzaliwa. Na mifuko ya plastiki ya kufungia nepi na nguo mbichi iacheni nyumbani. Imepigwa marufuku, chukueni mifuko ya kitambaa isiyopitisha maji.

Ndege kutoka Nairobi ni kama saa moja na nusu, na hapo wengi hujidanganya kwamba safari imekwisha. Kutoka uwanja wa ndege hadi Jambiani ni zaidi ya saa moja kwa gari, Nungwi ni zaidi kidogo. Ndege ya usiku ni rahisi kwa pesa lakini inakuletea mtoto aliyechoka, kwenye chumba kigeni, gizani, jiko limeshafungwa. Lipieni ya asubuhi. Njiani kuelekea mashariki mnapita msitu wa Jozani, na dakika 40 za kuwatazama kima punju, ambao makazi yao ya asili ni kisiwa hiki tu, zinanyoosha miguu ya watoto kuliko kituo chochote cha soda.

Sasa usalama, ambapo nawaomba mnisome polepole. Shirika la Afya Duniani linasema watoto wa mwaka 1 hadi 4 ndio wanaozama kwa kiwango kikubwa kuliko umri mwingine wowote. Mtoto anayezama hapigi kelele wala hapungi mkono. Anakaa wima, mdomo unazama na kuibuka, kimya, na watu wanne wazima wanaweza kuwa wamekaa mita 10 pale wakizungumza. Hatari huwa kubwa penye watu wazima wengi, kwa kuwa kila mmoja anadhani mwenzake anatazama.

Familia zangu nawapa kofia moja ya ukindu, nyekundu. Aliyeivaa ndiye mwenye zamu. Hashiki simu, hasomi, hakati tikiti maji, hamtafutii mtu taulo. Anatazama watoto tu, na kama yeye mwenyewe hana uhakika wa kuogelea, awe ndani ya maji pamoja nao, maji yakimfika gotini. Baada ya dakika 20 anamvalisha mwingine kofia kichwani kwa mkono wake, na yule anasema, "Ninao." Bila neno hilo kofia haihami. Wakati mwingine wakwe wa heshima zao huona aibu mwanzoni, lakini siku ya pili hata babu anadai zamu yake. Na yale maboya ya mikononi ni vitu vya kuchezea, yanachomoka. Anayetaka kumkinga mtoto kwenye mashua amvalishe jaketi la kuokolea lenye mkanda unaopita kati ya miguu, la saizi yake, na kama mwenye mashua hana la mtoto, msipande.

Viatu vya raba vya baharini kwa kila mtu, mkubwa na mdogo, maji yakiwa yamepwa. Kwenye mawe wamejaa wale wanyama weusi wenye miiba mirefu (sea urchin), na mwiba ukikatikia ndani ya unyayo wa mtoto jioni yote imekwisha. Ukitokea, mweke mguu kwenye maji ya moto anayoyavumilia, uliyoyajaribu kwanza kwa mkono wako. Wenyeji watakuletea utomvu wa papai bichi wapake. Jua la saa 5 hadi saa 9 likimbieni kabisa. Ngozi yetu nyeusi nayo inaungua, na fulana ya mikono mirefu ya kuogelea inafaa kuliko chupa tatu za mafuta. Mchana ule ndio wa kula na kulala chini ya chandarua. Malaria imepungua sana Zanzibar lakini haijaondoka.

Chakula hakinipi shida. Uji, chapati, wali wa nazi, samaki wa kukaanga aliyetolewa miiba na dafu, hayo mtoto wa Nairobi anayala tangu siku ya kwanza. Urojo, ile supu nzito ya Zanzibar, na vyakula vya soko la usiku la Forodhani mjini viacheni hadi siku za mwisho, tumbo likishazoea, na mbebe paketi za ORS, unga wa kurudisha maji mwilini mtu akiharisha, hata hivyo, kwa sababu duka la dawa la kijijini hufunga mapema.

Ile familia ya pacha ilirudi baada ya miaka miwili. Niliwaomba mimi mwenyewe, na tarehe nilizichagua mimi: waliingia mwezi 8. Siku tano watoto waliishi ndani ya maji. Mwezi 14, asubuhi ya kuondoka, maji yalipwa, na mamangu akawachukua mpaka kwenye mistari ya mwani, kila mmoja kamshika mkono. Akawaonyesha jongoo bahari, mweusi, mnene kama mkono wa mtoto. Mmoja akamgusa kwa kidole, akacheka, akamuuliza, "Bibi, maji yatarudi saa ngapi?"

"Saa 10 yatafika ukutani, mjukuu wangu."

Ndege yao ilikuwa ya jioni. Nilimpigia dereva asogeze safari mpaka saa 8 na nusu, na tukakaa wote kwenye ngazi zile zile, watoto na mikate yao ya nazi mkononi, tukiyatazama yakiingia, yakifunika vigingi kimoja kimoja.