Si kila "to" ya Kiingereza inakataa "-ing"

Kuna ujumbe wa "makosa ya Kiingereza" unaozunguka kwenye magrupu miaka nenda rudi: eti baada ya "to" kitenzi hakiwekwi "-ing" kamwe, kwa hiyo "I look forward to seeing you" ni kosa. Si kosa. "To" hiyo ni kihusishi (neno linalotangulia jina), tofauti na ya "I hope to see you", ambayo ni alama ya kitenzi-jina, kama "ku-" ya "kuona".

Kupima, weka "it" mahali pa kitenzi na kinachokifuata: "I look forward to it" inakubali, kwa hiyo "to" ni kihusishi na kitenzi huchukua "-ing"; "I hope to it" inagoma, kwa hiyo kitenzi hakichukui "-ing".

Kinachovuruga wengi ni "used to". "I used to drive": zamani niliendesha. "I am used to driving": nimezoea kuendesha.

Ukiupokea ujumbe huo tena, tafadhali usiusambaze. Wapo wanaoharibu barua za kazi kwa kuufuata.