Rehema, haki na mazingira katika Oliver Twist

Huruma na rehema watu huzichanganya, nami sioni ajabu, kwani huandamana. Ila huruma ni jambo la moyoni: unamwona mtu anateseka, roho inakuuma. Rehema inataka mamlaka. Anayerehemu ni yule anayeweza kuadhibu, kunyima au kufukuza, kisha akauzuia mkono wake. Mfungwa anaweza kumwonea huruma hakimu wake, kumrehemu hawezi. Haki nayo ina sura mbili: mtu kupata anachostahili, na ile hukumu inayoandikwa mahakamani. Mara nyingine sura hizo mbili hazifahamiani kabisa.

Oliver Twist, riwaya ya Charles Dickens iliyotoka kwa mfululizo jaridani kati ya 1837 na 1839, inafaa sana kuzieleza dhana hizi, kwa sababu mwandishi aliziweka mikononi mwa watu wenye vyeo na kumtuma mbele yao mtoto yatima asiye na chochote.

Mambo yanaanzia kwenye sheria. Mwaka 1834 Uingereza ilipitisha sheria mpya ya maskini. Msaada wa kupewa mtu nyumbani kwake ulibanwa. Aliyetaka kula aingie katika nyumba ya maskini, mume atengwe na mkewe, watoto na wazazi. Kanuni ilikuwa kwamba maisha ya humo yawe duni kuliko ya kibarua wa chini kabisa aliye nje, watu wasije wakayapenda. Kwa hiyo njaa ya Oliver ilipangwa na watu walioshiba, kwa kalamu na kikao. Wavulana wanapopiga kura nani akaombe uji zaidi, kura inamwangukia yeye, mtoto wa miaka tisa. Anakwenda na bakuli na kijiko chake, anaomba. Bwana mmoja wa bodi inayoendesha nyumba hiyo, mwenye kizibao cheupe, anatangaza papo hapo kwamba mtoto huyu mwisho wake ni kitanzi. Kuomba uji kumekwisha kuwa dalili ya uhalifu.

Bodi inaahidi pauni tano kwa yeyote atakayemchukua. Anajitokeza msafishaji wa dohani, mtu katili ambaye tayari anasemwa kwa vifo vya wavulana kadhaa waliokuwa chini yake. Wanakubaliana, baada ya bodi kuipunguza bei kwa sababu kazi yenyewe ni chafu, na Oliver anapelekwa mbele ya mahakimu ili mkataba utiwe sahihi. Hapa pasomwe polepole. Hakimu mzee, macho yake mabovu, anachovya kalamu lakini kidau cha wino hakipo pale alipodhani. Anakitafuta mezani, na katika kutafuta jicho lake linamwangukia mtoto aliyepauka kwa hofu. Anaweka kalamu chini, anauliza kuna nini. Oliver anapiga magoti, anaomba wamfungie gizani, wamnyime chakula, hata wamuue, mradi wasimpe yule mtu. Hakimu anakataa kutia sahihi.

Kama kidau kingekuwa mahali pake, mtoto angekuwa ndani ya dohani. Dickens analisema hilo waziwazi, na mimi naona ndiyo picha kali kuliko zote humo. Rehema imepatikana kwa bahati, kwa sababu mtu mmoja alilazimika kuinua macho kutoka kwenye karatasi.

Baadaye London, Oliver anaangukia mikononi mwa genge la wezi, na anakamatwa kwa wizi wa leso uliofanywa na wenzake. Hakimu wa safari hii, Fang, haangalii. Mtoto ni mgonjwa, hawezi hata kutaja jina, askari anambunia la uongo, naye anahukumiwa miezi mitatu ya kazi ngumu akiwa amezimia sakafuni. Kinachomwokoa ni mwuza vitabu aliyeuona wizi wenyewe, ambaye anaingia mbio na kushurutisha asikilizwe. Hiyo si rehema, ni ushahidi tu.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, tunasema. Riwaya hii inakorofishana na methali hiyo. Oliver kalelewa kwa makofi, njaa na wezi, lakini anabaki mpole, tena anaongea kama mtoto wa kiungwana. Katika dibaji ya 1841 Dickens alieleza kwamba alitaka kuonyesha wema unaodumu katika kila hali mbaya. Sawa, lakini hapo hoja yake ya mazingira inapungua nguvu: kama wema wa damu hauharibiki, nyumba ya maskini ina kosa gani? Tena mwishoni tunaambiwa baba yake alikuwa bwana mwenye mali. Kwangu mimi, Oliver ni shahidi dhaifu.

Shahidi mwenye nguvu ni Nancy, msichana wa genge hilo la wezi. Huyu alianza kuiba kwa ajili ya Fagin, mzee anayewafundisha watoto wizi, akiwa mdogo kuliko Oliver. Anapokutana na Rose, msichana aliyelelewa kwa upendo, anamwambia ashukuru kwamba utotoni alikuwa na watu wa kumtunza. Yeye malezi yake yalikuwa vichochoro na mitaro, na humo ndimo atakamofia. Hajitetei. Anaihatarisha roho yake ili kumwokoa mtoto, anakataa kukimbia, na Sikes, jambazi aliye mpenzi wake, anamuua. Yule aliyenyimwa kila kitu ndiye anayetoa zaidi.

Rose mwenyewe anaonyesha rehema inavyofanya kazi ikiwa ya makusudi. Oliver anapookotwa akiwa na jeraha la risasi, baada ya kulazimishwa kuingia katika wizi wa nyumba ya akina Rose wenyewe, Rose anasema: hata kama ni mwovu, fikirini umri wake, fikirini huenda hakuwahi kujua mapenzi ya mama. Anauliza mtu katoka wapi kabla ya kuuliza kafanya nini. Kisha daktari wao anawazungusha wapelelezi mpaka wanaondoka mikono mitupu. Kisheria wameficha ushahidi. Msomaji, nadhani, hawalaumu.

Rehema hiyo, hata hivyo, haigawanywi sawasawa. Jack Dawkins, kijana mchomoaji wa mifuko, amelelewa na Fagin yuleyule, katika chumba kilekile. Anafikishwa mahakamani kwa kisanduku cha ugoro, na wenzake wanatarajia atasafirishwa ng'ambo maisha kama adhabu. Hakuna Rose wa kuuliza alikuwa na mama. Rafiki yake analia tu kwamba afadhali ingekuwa saa ya dhahabu, jina lingebaki. Jack kizimbani anawaambia wakubwa kwamba hapa si duka la haki, watu wanacheka, naye anatolewa nje akimkenulia askari meno.