Meli moja, gari moja, bei mbili

Wiki iliyopita shemeji yangu wa Nairobi alinitumia picha mbili kwenye simu. Ya kwanza ilikuwa bei ya gari jipya dukani kwao. Ya pili, gari lile lile, injini ile ile ya cc 1,800, linauzwa hapa Dar es Salaam kwa bei ya chini zaidi. Chini yake akaandika: "Shem, mbona hivi?"

Mimi ni wakala wa forodha, mwaka wa 14 sasa naingia na kutoka bandarini. Swali la shemeji naulizwa kila mwezi, na karibu kila anayeuliza huwa ameshapata wa kumlaumu: muuzaji mwenye tamaa, au nauli ya meli. Nauli tuiondoe mapema. Meli za magari zinazotoka Japani hushusha Mombasa na Dar katika safari hiyo hiyo, na tofauti ya nauli kati ya bandari hizi mbili haiwezi kueleza pengo la mamilioni. Pengo huanza gari likishakanyaga gati.

Tufanye hesabu kama ninavyoifanya mezani. Bei ya kununulia, bima na nauli hadi bandarini, ambavyo sisi mawakala kwa pamoja tunaviita CIF, tuseme ni dola 20,000 pande zote mbili. Tozo ndogondogo naziacha pembeni.

Hapa Dar, ushuru wa forodha ni asilimia 25, yaani dola 5,000. Gari limefika 25,000. Ushuru wa bidhaa kwa injini ya kati ya cc 1,000 na 2,000 ni asilimia 5, nao unatozwa juu ya hiyo 25,000, si juu ya 20,000 ya mwanzo: 1,250. Tumefika 26,250. Halafu VAT, asilimia 18 ya jumla hiyo: 4,725. Gari linatoka getini likiwa na dola 30,975 mgongoni.

Mombasa, ushuru wa forodha ni asilimia 35, baada ya Kenya kuupandisha mwaka 2023: dola 7,000. Ushuru wa bidhaa kwa gari linalozidi cc 1,500 ni asilimia 25 ya 27,000: 6,750. VAT yao ni asilimia 16, inatozwa juu ya 33,750: 5,400. Jumla, 39,150.

Nilimwambia shemeji autazame vizuri mstari wa VAT. Kiwango cha Kenya ni kidogo kuliko chetu, 16 kwa 18, lakini Mkenya analipa dola 675 zaidi kwenye mstari huo huo. Ni kodi juu ya kodi. Kila tozo inapanda juu ya mabega ya iliyotangulia, kwa hiyo ukiongeza ushuru wa kwanza umeongeza na zote zinazoufuata. Mtu anayelinganisha viwango kimoja kimoja, 25 kwa 35, 18 kwa 16, hawezi kuliona pengo la dola 8,175. Mpaka ajumlishe kwa mpangilio.

"Lakini si tuko jumuiya moja?" Ndilo swali lake la pili, na ni swali la haki. Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulianza kazi Januari 2005, na tuna kitabu kimoja cha ushuru kwa bidhaa zinazotoka nje. Ila kitabu hicho kina mlango. Nchi inaweza kuomba kutoza kiwango chake yenyewe kwa mwaka mmoja, na ruhusa hizo hutangazwa kwenye Gazeti la Jumuiya. Mwaka ukiisha, inaomba tena. Tena kitabu hicho kinahusu ushuru wa forodha peke yake. Ushuru wa bidhaa na VAT hupangwa na bunge la kila nchi kwa mahitaji yake. Ndiyo maana usiku wa Juni 30 ofisini kwetu hakulali mtu: kila mteja anataka nyaraka zake ziingie kwenye mfumo kabla ya saa sita, maana Julai 1 viwango vipya vinaanza, na gari lile lile kwenye yadi ile ile linaweza kuamka na bei nyingine.

Kuna magari ambayo hesabu hii haiyagusi kabisa. Kenya ina viwanda vya kuunganisha magari Mombasa, Thika na Nairobi, na vipande vinavyoingia kwa ajili ya kuunganishwa havitozwi ushuru wa forodha kama gari zima. Kwa hiyo ukilinganisha malori na pikapu, usishangae Nairobi ikashinda. Kwa maoni yangu hii ndiyo sababu kubwa ya Kenya kuyabana magari yanayoingia mazima: inalinda ajira za viwanda hivyo. Naielewa hoja hiyo, ingawa anayebeba mzigo wake ni mnunuzi wa gari dogo la familia.

Ulaya kuna kisa ambacho naona kinafundisha kuliko vyote. Denmark kwa miaka mingi ilitoza kodi ya usajili iliyofika asilimia 180 kwenye ngazi ya juu. Watengenezaji walijua kwamba wakileta bei ya Ujerumani, kodi ikipanda juu yake hakuna Mdenmaki atakayenunua. Wakashusha bei yao ya kabla ya kodi. Wajerumani walipogundua, wakawa wanaagiza magari mapya kutoka Denmark, wanalipa VAT kwao Ujerumani, na wanaokoa pesa. Nchi yenye magari ghali kuliko jirani yake ikawa ndiyo chimbuko la magari rahisi ya jirani huyo! Kwetu sijaona hilo likitokea. Soko letu la magari mapya ni dogo mno kwa mtengenezaji kuhangaika kulibembeleza. Wengi wetu tunanunua yaliyotumika.

Na hata hayo yaliyotumika yanafungamana na bei ya jipya. Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8, na KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, huanzia kwenye bei ya rejareja ya gari jipya nchini, inapunguza kwa umri, ndipo inapata thamani ya kutoza kodi. Jipya likipanda dukani, la mtumba nalo hufuata, orodha ya bei ya KRA ikihuishwa. Sisi tunapokea hata lenye miaka 12, ila likizidi miaka 10 linaongezewa ushuru wa bidhaa wa asilimia 30.

Baada ya kumpa maelezo hayo yote, shemeji aliuliza nilichojua atauliza: je, akinunua Dar akavuka nalo Namanga?

Nikamsimulia mteja aliyenijia akiwa ameshachelewa. Alinunua gari jipya hapa, akalisajili kwa namba za Tanzania, akaliendesha hadi mpakani akitaka liwe lake la kudumu Kajiado. Pale dirishani aliambiwa ukweli: bidhaa inayovuka bila ushuru ndani ya Jumuiya ni ile iliyozalishwa ndani ya Jumuiya kwa masharti yake, na gari la Japani si mojawapo. Akapigiwa kodi za Kenya upya, kuanzia mstari wa kwanza. Alizolipa TRA hazikupunguza hata shilingi. Alirudi nalo Arusha akaliuza.

Angenipigia kabla ya kulisajili, tungeliandikia Kenya tangu likiwa bandarini, lipite nchini kama gari la IT, yaani lililo safarini kwenda nchi nyingine, kama yanavyopita ya Zambia na Kongo kila siku, na angelipa KRA peke yake. Angelipa bei ya Nairobi, lakini angelipa mara moja.