Mtoto mdogo, bunduki nyepesi? Hapana

Mzazi akifungua mfuko na kutoa kijibunduki chepesi kama fimbo ya kuchungia, tayari najua atakachosema: "Kocha, nimemtafutia ndogo, isimuumize." Kila msimu mpya wa timu yangu ya vijana ya trapu, mchezo wa kupiga kwa bunduki visahani vinavyorushwa hewani na mashine, lazima nisikie hayo, na kila msimu narudia maelezo yale yale nikiwa nimesimama juani. Safari hii nayaandika.

Wepesi ndio unaoumiza. Chukua ganda moja, yaani risasi, la geji 20 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu; namba ikiwa ndogo, mtutu ni mpana), lipige kwa bunduki ya kilo 2.5, kisha jingine kama hilo kwa bunduki ya kilo 3.5. Ile nyepesi inalipiga bega kwa nguvu zaidi, kama asilimia 40. Uzito ndio unaomeza msukumo. Sasa hizo zinazoitwa bunduki za vijana, za mtutu mmoja, kitako kimekatwa, chuma kimepunguzwa, halafu mjomba anampa mtoto maganda mazito ya kuwindia yaliyobaki kabatini! Mtoto anapiga mara tatu, anashika bega, na Jumamosi inayofuata ana udhuru.

Wengine huleta .410, yenye mtutu mwembamba kuliko hizo. Hiyo haisukumi sana, nakubali. Lakini ganda lake la kawaida hubeba takriban gramu 14 tu za marisawa, vile vipunje vya risasi, ilhali la trapu ya Olimpiki hubeba 24. Kisahani chenyewe kina kipenyo cha milimita 108 hivi, na mwanafunzi anapokifyatulia mara nyingi kishafika mita 30 au zaidi. Marisawa machache yakitawanyika kiasi hicho, kisahani hupenya katikati yake kikatua majanini kizima. Mtoto ameshika vizuri, amefyatua kwa wakati, na bado tunamwambia amekosa. .410 ni ya fundi anayejitafutia ugumu, si ya anayeanza.

Mimi huwapa nusu otomatiki ya gesi, inayojiandaa yenyewe kwa gesi ya baruti baada ya kila mlio, ya geji 20, au ya geji 12 yenye ganda jepesi la gramu 24. Gesi huugawa ule msukumo, ukafika begani polepole kidogo. Na ganda jepesi likishindwa kuzungusha mtambo sijali, kwa sababu kwenye trapu unatia moja tu kila zamu. Kitako nakifupisha hadi shavu litulie juu yake bila mtoto kurefusha shingo. Ukimwona anaegemea nyuma kama aliyekumbatia ndoo iliyojaa maji, kitako ni kirefu au mikono yake haijawa tayari. Kama ni mikono, asubiri miezi kadhaa. Kusubiri hakujamharibu mpigaji yeyote niliyemfundisha. Woga umewaharibu wengi.

Nina kipimo cha woga. Kuna baba aliniapia kwamba binti yake haogopi, ila "hajakazana". Nilichanganya maganda ya mazoezi, yasiyo na baruti, bila kumwambia binti. Akaita, kisahani kikatoka, akavuta: tik. Hakuna mlio, lakini mtutu ulizama karibu shibri nzima na macho alikuwa ameyafumba kabisa. Baba alikuwa nyuma yangu, ameona. Tulibadilisha bunduki siku ile ile, tukafunga mashine irushe moja kwa moja mbele, nikamsogeza karibu na kibanda cha mashine. Cha nne kilipasuka kikawa vumbi jeusi, naye akageuka kutuangalia huku akicheka. Nikamkumbusha kwamba mtutu haugeuki naye.

Hayo mengine ya wazazi nayamaliza haraka. "Fumba jicho moja ulenge": bunduki ya marisawa hailengwi kama raifo. Macho yote mawili yabaki kwenye kisahani, mikono itafuata. Ila mpime kwanza jicho tawala, lile analolitegemea zaidi kuona. Akiwa anatumia mkono wa kulia na jicho tawala ni la kushoto, na ndiyo kwanza anaanza, mimi namhamishia bunduki bega la kushoto. Atalalamika wiki mbili.

"Ni mchezo wa wavulana": Kim Rhode wa Marekani alichukua dhahabu ya trapu ya sahani mbili, zinazorushwa kwa pamoja, kwenye Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996 akiwa na miaka 17, kisha akapata medali katika kila Olimpiki hadi 2016. Tuendelee.

"Ni hatari": bunduki hubebwa ikiwa wazi na tupu, na ganda huingia mtoto akiwa kwenye kituo chake tu, mtutu umeelekea uwanjani. Asiyefuata anatoka, hata kama ndiye bingwa wetu. Kinachonitisha mimi ni masikio, ambayo hakuna mzazi anayeniuliza. Mlio mmoja hupita desibeli 140. Vizibo ndani, vifuniko juu, vyote viwili, na miwani.

Halafu kuna wanaosema mtoto wao "si wa timu", eti huu ni mchezo wa mtu peke yake. Wasimame nyuma ya kundi la watu watano raundi moja tu. Kila mmoja hupiga kwa zamu yake, visahani vitano kila kituo, hadi 25, na mwendo wa kundi ni mmoja. Wa tatu akichelewa kutia ganda, wa nne anakosa. Ndiyo maana kwangu hairuhusiwi kutaja alama kabla raundi haijaisha, na wazazi mnaohesabu kwa sauti nyuma ya uzio, sheria hiyo ni yenu pia.