Je, wajua kwa nini injini ya Me 262 ilipangiwa kuishi saa 25 tu?

Messerschmitt Me 262, ndege ya kivita ya jeti ya Ujerumani, iliingia kwenye Vita vya Pili vya Dunia kiangazi cha 1944 ikiwa na kasi ya kilomita 870 kwa saa. Ndege za pangaboi zilizotumwa kuikabili ziliachwa nyuma kwa zaidi ya kilomita 150 kila saa. Chini ya kila bawa ilining'inia injini moja ya Junkers Jumo 004, na injini hiyo ilipangiwa kuishi saa 25. Nyingi hazikufika huko: ilikuwa kawaida kuishusha kwenye ndege baada ya saa 10 au 12. Wakati huohuo, injini ya Welland ya Rolls-Royce, iliyobeba Gloster Meteor, ndege ya jeti ya Waingereza, kuanzia Julai ya mwaka huo, iliruhusiwa kufanya kazi saa 180 kabla ya kufunguliwa kwa matengenezo.

Akisikia tarakimu hizo, mtu hudhani mafundi wa Junkers walilipua kazi. Sivyo. Mhandisi mkuu wa injini hiyo, Anselm Franz, na wenzake wa kiwanda cha Junkers mjini Dessau walitakiwa waunde injini ya moto mkali bila metali zinazostahimili moto mkali. Ukiifungua Jumo 004 kipande kimoja baada ya kingine, karibu kila udhaifu wake unakurudisha kwenye metali fulani ambayo haikuwepo ghalani.

Turbaini ndiyo inayoteseka

Mpangilio wake ni rahisi kuufuata. Mbele kuna kompresa, yaani safu 8 za mapanga kama ya feni zinazovuta hewa na kuibana hadi takriban mara tatu ya ilivyokuwa. Hewa hiyo inaingia kwenye chemba 6 za kuchomea mafuta, zilizopangwa kuzunguka ekseli kama risasi kwenye bastola. Gesi ya moto inatoka hapo ikikimbia, inapiga safu moja ya turbaini yenye mapanga 61, kisha inatokea nyuma na kuisukuma ndege. Kazi ya turbaini ni kuizungusha ile kompresa ya mbele, basi. Msukumo uliobaki ulikuwa kama kilo 900 kwa kila injini.

Kompresa inafanya kazi kwenye hewa ya vuguvugu, na alumini inaiweza. Turbaini ni habari nyingine. Gesi inayoipiga ilikuwa na joto la nyuzi 775 hivi za Selsiasi, na yenyewe ilizunguka mara 8,700 kwa dakika, yaani mara 145 kila sekunde. Kila panga linavutwa nje kwa nguvu kubwa kuliko uzito wake maelfu ya mara, huku limeiva hadi kuwa jekundu. Metali ikiwa katika hali hiyo haikatiki papo hapo. Inarefuka polepole, kidogo kila dakika, na hairudi ilikotoka hata injini ikipoa. Ikirefuka vya kutosha, ncha ya panga inakwaruza nyumba ya turbaini, au ufa unaanza karibu na shina. Panga moja likichomoka, linaondoka na majirani zake.

Kinachochelewesha urefukaji huo ni aina ya metali. Nikeli kwa wingi, kromiamu ya kuzuia kutu ya moto, na kobalti au molibdeni ya kuongeza ukakamavu: hiyo ndiyo dawa, na ilijulikana pande zote mbili za vita.

Mapishi bila viungo

Toleo la kwanza, Jumo 004A, halikubaniwa metali. Franz alitaka kwanza kuthibitisha kwamba injini inafanya kazi, basi akatumia nikeli, kobalti na molibdeni alivyopenda. Injini ilikuwa nzito, kilo 850, lakini ilikuwa imara. Ndiyo iliyomrusha rubani wa majaribio Fritz Wendel kutoka Leipheim tarehe 18 Julai 1942, safari ya kwanza ya Me 262 kwa jeti peke yake.

Kutengeneza maelfu ya injini kwa mapishi yale kusingewezekana. Nikeli ya Ujerumani ilitegemea zaidi machimbo ya Petsamo, kaskazini kabisa ya Finland ya wakati huo, ambayo Wajerumani waliyapoteza Oktoba 1944. Kromiamu ilinunuliwa Uturuki mpaka Waturuki walipofunga mauzo Aprili 1944. Kobalti nayo ilitoka zaidi Katanga, na Kongo ya Wabelgiji ilibaki upande wa Uingereza baada ya Ubelgiji kutekwa mwaka 1940. Metali hiyo, ambayo watu wa Likasi na Kolwezi wanaichimba hadi leo, ilikwenda Marekani, ambako aloi zake zilitengenezewa mapanga ya turbo za ndege za kivita. Waingereza, wakiwa na nikeli ya Kanada, walipata aloi ya Nimonic 80, ambayo robo tatu yake ni nikeli.

Toleo la uzalishaji, Jumo 004B, likazaliwa na njaa. Lilikuwa jepesi kwa kilo mia moja na zaidi, na injini nzima ilikuwa na kromiamu isiyozidi kilo 2.2.

Chemba za kuchomea mafuta, ambazo kwa haki zingekuwa za chuma cha nikeli, zilitengenezwa kwa chuma laini cha kawaida kilichopakwa alumini na kuokwa. Alumini inaungana na uso wa chuma na kuwa ngozi inayokizuia kuliwa na moto. Ngozi ikipasuka, chuma cha chini hakina mtetezi. Chemba inajikunja na kuota mabonde, miali inaacha kusambaa sawasawa, na mapanga ya turbaini yanapokea ndimi za moto mahali ambapo yangepokea gesi iliyochanganyika vizuri. Kifaa cha bei ndogo kinaua cha bei kubwa.

Mapanga yenyewe yalianza na aloi iliyoitwa Tinidur, yenye nikeli asilimia 30 na kromiamu asilimia 15. Ili kubana matumizi zaidi na kuyapoza, yaligeuzwa yakawa na uwazi ndani, na hewa kutoka kwenye kompresa ikapitishwa humo. Lakini Tinidur haikukubali kuchomelewa vizuri, kwa hiyo kila panga lilibidi livutwe kwa mashine kutoka kwenye kipande kimoja cha bati hadi liwe kama kifuko, kazi ndefu yenye vipande vingi vya kutupa. Kampuni ya chuma ya Krupp ikaleta mbadala, Cromadur: kromiamu asilimia 12, manganisi asilimia 18, nikeli hakuna kabisa. Kwa vipimo vya maabara Cromadur ilikuwa dhaifu kuliko Tinidur. Ila ilikubali kuchomelewa, hivyo fundi alikunja bati na kuunga ukingo wa nyuma, akamaliza. Panga la Cromadur likatoka safi zaidi na, kazini, likadumu vizuri kuliko lile la aloi bora. Hapa ndipo ninapowavulia kofia wale mafundi: walichagua metali mbovu inayotengenezeka, wakaiacha nzuri inayosumbua.

Mwanamuziki kiwandani

Kuna ugonjwa mmoja ambao haukutokana na uhaba. Mwaka 1943 mapanga ya turbaini yalianza kukatika kwenye mwendo wa juu, hata mapya. Chanzo kilikuwa mtetemo. Kwa kuwa gesi inatoka kwenye chemba 6, kila panga linapigwa mara 6 katika kila mzunguko. Kwa mizunguko 9,000 kwa dakika hayo ni mapigo 900 kila sekunde, na nguzo tatu zilizokuwa nyuma ya turbaini ziliongeza yao. Kila panga, kama waya wa gitaa, lina mlio wake wa asili. Mapigo ya nje yakilingana na mlio huo, panga linacheza zaidi na zaidi hadi linachoka na kukatika.

Junkers walimwita mwanamuziki mwenye sikio kali. Alipitisha upinde wa fidla kwenye mapanga na kutaja noti aliyoisikia. Kutokana na noti hizo wahandisi wakajua mlio wa asili wa panga. Tiba ilikuwa kulifupisha panga kwa milimita 1, kulichonga lizidi kuwa jembamba kuelekea nchani ili mlio wake upande juu, na kupunguza mwendo wa juu kutoka 9,000 hadi 8,700.

Mkono wa rubani

Injini mbili zilizotoka kiwandani siku moja zingeweza kutofautiana sana umri, na tofauti mara nyingi ilikuwa mkono wa kushoto wa rubani, ulioshika wenzo wa mafuta. Juu ya mizunguko 6,000 kidhibiti kilimsaidia. Chini ya hapo, alichokisukuma ndicho kilichoingia.

Kompresa ni kitu kizito, haiongezi mwendo mara moja. Rubani akisukuma wenzo ghafla, mafuta yanafika kabla ya hewa ya kutosha kuyachoma. Moto unavuka chemba na kuendelea kuwaka ndani ya turbaini, joto linapaa kupita kiasi, na sekunde chache za namna hiyo zinakula saa nzima za uhai wa mapanga. Akivuta wenzo ghafla kurudi nyuma, mwako unaweza kuzimika kabisa. Marubani waliohamishwa kutoka kwenye ndege za pistoni, waliozoea kucheza na mafuta watakavyo, ndio walioharibu injini nyingi.

Kwenye kutua, kanuni ilikuwa kutoshusha mizunguko chini ya 6,000 mpaka uwe na hakika unatua, kwa sababu ukihitaji kupaa tena, injini ikiwa chini haitakuitikia kwa wakati. Matokeo yake ndege ilikuja uwanjani kwa njia ndefu iliyonyooka, polepole, bila uwezo wa kukwepa. Marubani wa Marekani na Uingereza waliligundua hilo haraka, wakawa wanaivizia karibu na viwanja vyake. Wajerumani walilazimika kuweka ndege za pangaboi aina ya Focke-Wulf 190 kuilinda ndege ambayo angani ilizipita zote.

Nyuma ya injini kulikuwa na koni inayosogea mbele na nyuma kwa injini ndogo ya umeme, ikipanua au kubana tundu la kutolea gesi. Kutokana na umbo lake iliitwa Zwiebel, yaani kitunguu. Wakati wa kuwasha, kitunguu kilirudi ndani ili gesi ipite kwa nafasi na joto lisipande. Injini ikishika mwendo kilisogea nje, tundu likabana, na msukumo ukaongezeka.

Kuiwasha kwenyewe kulitaka utaratibu. Kwenye pua ya injini kulifichwa injini ndogo ya pistoni mbili iliyobuniwa na Norbert Riedel, yenye nguvu za farasi 10 hivi. Iliwashwa kwa umeme, au kwa kuvuta kamba yenye pete kama jenereta ya dukani. Ilizungusha injini kubwa hadi kama mizunguko 800, hapo rubani akabonyeza kitufe cha cheche na petroli ya kuwashia. Injini ikifika karibu 2,000 alifungua polepole mafuta yenyewe, J2, yanayofanana na dizeli na yaliyotengenezwa kwa makaa ya mawe. Kwenye 3,000 injini ilijitegemea. Kuharakisha hatua ya katikati kulimwaga mafuta mengi kuliko hewa, na miali mirefu ikaonekana nyuma.

Hesabu ya vita

Kwa nini basi injini kama hiyo ilipitishwa? Kwa sababu ilikuwa rahisi. Ilihitaji saa 375 hivi za kazi, dhidi ya 1,400 za injini ya pistoni ya BMW 801. Gharama yake ilitajwa kuwa Reichsmark 10,000 (sarafu ya Ujerumani ya wakati huo), wakati Jumo 213 ya pistoni ilifika 35,000. Ilichoma mafuta duni ambayo injini za pistoni zisingeyagusa. Na ndege ya kivita ya mwaka 1944 yenyewe haikutarajiwa kuishi saa nyingi. Kuipa injini ya saa 200 kungekuwa kuizika na metali adimu.

Urahisi huo una upande ambao hauonekani kwenye hesabu hizo. Injini ziliundwa pia ndani ya mahandaki karibu na Nordhausen, na miili ya ndege ndani ya mahandaki ya Gusen nchini Austria, kwa mikono ya watu waliolazimishwa kufanya kazi, wakiwemo wafungwa wa kambi za mateso. Maelfu walifia humo.

Husemwa mara nyingi kwamba Hitler aliichelewesha Me 262 kwa kutaka ibebe mabomu. Amri hiyo ilikuwepo, lakini miili ya ndege ilikuwa ikisubiri injini kabla amri haijauma: 004B haikuwa tayari kutengenezwa kwa wingi hadi katikati ya 1944. Zaidi ya ndege 1,400 zilikamilishwa, na ni sehemu ndogo tu iliyofika vitani.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Wamarekani walijenga Me 262 mpya chache za kurushwa kwenye maonyesho. Jumo 004 hawakuzirudia. Walichukua injini ya General Electric CJ610, yenye uzito wa kilo 180 hivi na msukumo wa zaidi ya kilo 1,200, wakaificha ndani ya ganda lililonakiliwa kutoka kwenye Jumo ya kilo 700 na ushee, ili kwa nje ndege ionekane ileile.