Seli shina na ngozi inayooteshwa maabara

Mama jirani yangu hapa Kadutu, mjini Bukavu, alikuja na kopo la unga alilouziwa dola 20. Lebo ya Kifaransa inasema cellules souches, na muuzaji kamwapia kwamba vijiko viwili kila asubuhi huotesha upya maungio, ini na figo. "Mwalimu, hivi vitu viko kweli?" Viko. Ila havikai kwenye kopo, na kueleza kwa nini kulituchukua hadi giza likaingia.

Souche ni kisiki. Kwa Kiswahili tunasema seli shina, na mwenye mgomba nyuma ya nyumba hahitaji mfano mwingine: ukivuna mkungu na kuukata mgomba, shina lililobaki udongoni hutoa machipukizi. Mwili nao una seli za namna hiyo. Chembe nyekundu ya damu ina kazi moja, kubeba oksijeni siku 120 hivi, kisha inakufa, wala haizai. Seli shina iliyomo ndani ya uboho, ule ute wa ndani ya mifupa, hugawanyika: baadhi ya watoto wake hubaki shina kama mama yao, wengine hukomaa wakawa damu. Ndiyo maana aliyetoa damu hospitalini hahitaji kurudishiwa na mtu. Uboho wake unaijaza wenyewe. Ngozi pia ina shina zake, chini kabisa ya tabaka la juu. Msuli wa moyo, kwa bahati mbaya, karibu hauna shina.

Kukuza seli shina maabara ni kuzitoa katika kiota chao na kuzidanganya kwamba bado zimo. Chukua ngozi. Daktari anakata kipande kidogo kama stempu. Kimeng'enya kinazitenganisha seli, kisha zinalazwa kwenye sahani ya plastiki, ndani ya maji ya rangi ya waridi yenye sukari, chumvi, vitamini na protini za kuzihimiza zigawanyike. Sahani inakaa kwenye kabati la joto la nyuzi 37, joto la mwili, hewa yake ikiwa na kaboni dioksidi asilimia 5. Maji yale yakigeuka njano, seli zimekichafua chakula chao kwa asidi, yabadilishwe. Zikisongamana, zinahamishiwa sahani nyingine, kama miche ya kabichi inavyotolewa kitaluni. Hazina kinga ya kujitetea, kwa hiyo chembe moja ya ukungu inaweza kuharibu kazi ya wiki nzima. Na umeme ukikatika usiku kucha, jambo ambalo Bukavu halihitaji maelezo, kabati linapoa.

Kwa nini kujisumbua hivyo? Mtoto akimwagikiwa mafuta ya kukaangia sambaza, wale samaki wadogo, kutoka kwenye mbabula, jiko la makaa, akaungua mkono, daktari anaweza kuhamisha ngozi ya paja. Aliyeungua mwili mzima, paja analitoa wapi? Jibu lilianza mwaka 1975, James Rheinwald na Howard Green wa Marekani walipofaulu kukuza seli za ngozi ya binadamu juu ya tandiko la seli za panya zilizopigwa mionzi zisigawanyike tena. Mwaka 1983, huko Boston, ngozi ya aina hiyo ilitumika kuwafunika watoto wawili walioungua zaidi ya asilimia 95 ya mwili. Mwaka 2015 ikawa zamu ya mvulana wa miaka 7 huko Bochum, Ujerumani, aliyezaliwa na ugonjwa wa ngozi kubanduka. Seli zake zilikuzwa Italia, zikaongezewa jeni nzima, yaani agizo la urithi lisilo na kasoro, kufidia ile mbovu, na akavalishwa ngozi mpya karibu asilimia 80 ya mwili. Ngozi ya sahani haioti vinyweleo wala haina tezi za jasho. Lakini inaishi, na inajifanya upya, kwa kuwa shina zimo.

Kwa hiyo kuzizalisha kunawezekana. Kazi ngumu ni kuziambia ziwe nini, na zikome lini. Seli shina za kiinitete cha binadamu, yaani mimba ya siku chache tu, ambazo James Thomson alizikuza Wisconsin, Marekani, mwaka 1998, zaweza kuwa karibu kila kitu mwilini. Lakini ili kuzipata kiinitete huharibiwa, na mabishano yakawa makali. Mwaka 2006 Shinya Yamanaka wa Kyoto alichukua seli za kawaida za panya, akaziingizia jeni nne, zikarudi utotoni, zikawa kama za kiinitete. Mwaka uliofuata akafanya hivyo kwa seli za binadamu, na mwaka 2012 akapata Tuzo ya Nobeli pamoja na John Gurdon. Ila ukizipandikiza kabla hazijaelekezwa, zinaweza kuota uvimbe, pengine wenye nywele na meno ndani.

Tukarudi kwenye kopo. Seli hai zinataka joto, chakula na usafi saa zote. Za kuhifadhiwa hugandishwa kwenye naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Unga mkavu ni seli zilizokufa. Na hata zingekuwa hai, tumbo lingezisaga kama linavyosaga bugali. Mama akasoma lebo tena, safari hii yale maandishi madogo: unga wa tufaha. Akafunga kifuniko. Muuzaji hupita Jumamosi.