Kukamilishana kwa wimbi na chembe: kwa nini mistari inatoweka njia ikijulikana

Watu wengi ukiwauliza wanakwambia mwanga ni nusu wimbi nusu chembe, kama vile nyumbu, baba punda mama farasi, na hapo ndo mtu anapotezwa kabisa maana sivyo ilivyo.

Tuanze na mawimbi. Dondosha vijiwe viwili kwenye maji yaliyotulia, pale mgongo wa wimbi moja unapokutana na mgongo wa lingine maji yanapanda zaidi, mgongo ukikutana na bonde vinafutana maji yanatulia tuli. Hiyo ndo interferensi, basi. Sasa punje za mchele hazifanyi hivyo, ukiweka punje juu ya punje unapata mbili, haitokei hata siku moja upate sifuri. Ila mwanga ukiujumlisha na mwanga unaweza kupata giza, na hili unaweza kuliona mwenyewe leo usiku.

Chukua leza ndogo nyekundu, ile ya kuchezea (usimmulike mtu machoni tafadhali), nyoosha unywele mmoja uubandike kwa selotepu katikati kabisa ya pale mwanga unapotokea, alafu mulika ukuta ulio mbali kama mita 2. Ungetegemea kivuli cha unywele tu, kumbe unakuta msururu wa madoa mekundu yamekatwa na giza, madoa yako mbalimbali kama sentimita moja na nusu hivi, kutegemea na unene wa unywele wako. Mwanga uliopita kushoto umekutana na uliopita kulia. Thomas Young kule Uingereza alifanya kitu cha aina hii mwaka 1803 kwa kipande chembamba cha kadi kwenye mwale wa jua, na akagundua akiziba upande mmoja tu, mistari ya mwanga na giza iliyokuwa ndani ya kivuli inatoweka yote. Hapo ukasema sawa, mwanga ni wimbi, kesi imeisha.

Haikuisha, kwa sababu mwanga unafika kwa vipande, fotoni, na upande wa pili elektroni ambayo kila mtu aliijua kama chembe nayo inatengeneza mistari. Mwaka 1989 Akira Tonomura na wenzake wa kampuni ya Hitachi, Japani, walirusha elektroni moja moja kuelekea uzi mwembamba, zipite kushoto au kulia kwake, yani ile moja inafika kwanza ndo nyingine inakuja, kwa hiyo hamna ya kugongana nayo njiani. Kila moja ilitua kama nukta moja. Nukta za mwanzo zimetapakaa ovyo huoni mpangilio wowote, zinaongezeka, zinaongezeka, mara mistari hiyo hapo! Mimi kila nikiziangalia zile picha nasisimka, maana kila elektroni ilitua sehemu moja tu lakini mahali pa kutua pamepangwa na njia zote mbili.

Sasa wazo la kukamilishana, ambalo mwanafizikia Niels Bohr alilitoa mwaka 1927 kwenye mkutano wa Como, Italia, linasema hivi: jaribio linaloonyesha njia ipi imepitwa na jaribio linaloonyesha mistari ni majaribio mawili tofauti, unayahitaji yote kukielezea kitu kizima lakini huwezi kuyafanya kikamilifu kwa mpigo mmoja.

Na tafadhali tusiseme mistari inatoweka kwa sababu "mtu ameangalia". Rudi kwenye unywele wako. Plastiki ya polaroidi, ya kwenye baadhi ya miwani ya jua, inapitisha mwanga unaotikisika upande mmoja tu, ukiweka kipande kilichosimama wima kushoto kwa unywele na kilicholala kulia, mistari inakufa. Hakuna aliyeangalia kitu, ila kila fotoni sasa imebeba alama ya njia yake na hiyo inatosha. Alafu weka kipande cha tatu mbele yake kwa mshazari, katikati ya wima na mlalo, alama inafutika, na mistari inarudi, hafifu kidogo maana sehemu ya mwanga imezuiwa.

Wala sio ndiyo au hapana tu. Ukali wa mistari upime kuanzia 0 hadi 1, na kiwango cha kuijua njia vilevile, zidisha kila kimoja kwa chenyewe ujumlishe, jibu halizidi 1. Yani ukiijua njia kwa 0.6 bado unaweza kubaki na mistari yenye ukali wa 0.8, ambayo ni mingi tu.

Ndo maana huoni mistari kwa vitu vikubwa. Kule Vienna, Austria, mwaka 1999 watafiti walifanikiwa kuipata kwa molekuli zenye atomu 60 za kaboni, ndani ya chemba iliyonyonywa hewa, na baadaye, kwa molekuli za atomu 70 za kaboni, walipokuwa wakiingiza gesi kidogokidogo mistari ikawa inafifia, kwa sababu kila molekuli ya gesi iliyogongana nazo iliondoka na alama ya njia iliyopitwa. Mpira ukiupiga uwanjani unagongwa hivyo na hewa mara zisizohesabika kabla haujafika golini.